Maoni Mawili

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na hizo ngazi za ghorofa ya nne bado zinakupandisha na kukushusha salama. Sisi huku wazima, ukiondoa bahari.

Nimekupigia simu hupokei, na ukipokea unanong'ona kama mtu aliyejificha kabatini. Basi naandika. Isitoshe, mambo ya hesabu hayasemwi kwa simu, yanaingia sikio hili yanatokea lile.

Wamebandika tangazo kwenye mlango wa zahanati. Kampuni ya mchanga inaomba leseni mpya. Ile ya kwanza inakwisha mwaka huu, sasa wanataka eneo kubwa mara tatu, kwa miaka kumi na tano: mchanga na kokoto za chini ya bahari, meta za ujazo laki nne kila mwaka. Watu wamesoma "laki nne" wakapita zao kuchukua dawa. Mimi nimekaa na penseli. Lori ninaloletewa mchanga linabeba meta saba. Laki nne ni malori elfu hamsini na saba. Ni malori mia moja hamsini na sita kwa siku, Jumapili na sikukuu humohumo. Toa hayo mbele ya nyumba ya mtu, halafu mwambie ufukwe wake hautasogea.

Nyumba ya mtu ndiyo hii ya Mama. Unaikumbuka ilivyokuwa: ua, karakana yangu ya matofali, banda la saruji, njia ya mikokoteni, kisha mchanga mpaka uchoke kutembea. Tangu meli yao ya kuchota mchanga ije, njia imeondoka, na banda limeondoka. Mwaka jana nikajenga ukuta. Wifi yako aliniambia nichague, yeye au saruji. Nikadhani anatania, maana nilikuwa na zege bichi kwenye toroli na zege halisubiri. Yuko kwa dada yake. Ukuta nao umeinama. Sasa nachimba msingi wa ukuta wa pili, nyuma ya ule wa kwanza.

Tangazo linasema wananchi watoe maoni na yote yatazingatiwa. Chini kuna muhuri wa ofisi yenu. Ofisi yenu hasa! Mimi niliishia darasa la saba, mgongo wangu ndio uliokufikisha kwenye hicho kiti. Sikukumbushi, nasema tu. Sasa nami nakiomba kiti hicho neno moja. Niambie wanataka kusikia nini, ili tuseme hicho hicho.

Kaka yako,
Zege


17 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika, lakini imefika ofisini, na karani wa mapokezi ameisoma bahasha kwa sauti: "Jamani, imetoka kwa Zege!" Tafadhali andika kwa anwani ya nyumbani, nimeiweka nyuma ya ukurasa huu. Na kwenye mkutano wa maoni utakaoitishwa huko usiseme una dada huku. Hata kwa utani.

Siwezi kueleza kazi za humu ndani. Najua barua zangu unazisoma karakanani, wateja wakiwa wamekaa juu ya matofali yao. Nasema moja tu: mwisho wa kupokea maoni ni tarehe 31 Machi, na kila mtu aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Hata mistari mitatu. Hata mwandiko ukiwa mbaya. Aliyepoteza choo aandike habari za choo.

Jingine. Wataalamu wanasema meli itachimba mbali, na mchanga wa kule hauungani na wa ufukweni. Sijui kama ni kweli. Nimewauliza wawili: mmoja kasema ndivyo, mwingine kasema inategemea. Usisimame mbele za watu ukasema una uhakika, maana watakuuliza uhakika huo umeutoa wapi.

Na kama leseni itatoka? Umewahi kufikiria kuhama kabla ya kuhamishwa? Kuna kiwanja kule juu, jirani na fundi cherehani. Karakana ni mashine moja, kalibu na mikono yako, vyote vinabebeka. Mwulize Mama anatakaje. Mwulize kweli, usimwambie.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Mkutano umefanyika kwenye ukumbi wa shule, na sikukutaja. Nilikaa mstari wa mbele na mdomo umefungwa kama mfuko wa saruji mpya.

Mtaalamu alikuja na ramani yenye mstari mwekundu. Akasema zaidi ya mstari ule mawimbi hayagusi chini, kwa hiyo mchanga ukichukuliwa kule, wa huku hauna habari. Mwuza mkaa akanyoosha mkono: "Kwa hiyo choo changu kiliondoka kwa miguu yake?" Ukumbi ukalipuka. Mtaalamu naye akacheka, na nikaona hapo tumekwisha, maana aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliweka kalamu chini acheke vizuri. Baadaye wakasema ya mdomo hayahesabiwi, leteni kwa maandishi.

Sasa sikia. Ushauri wako wa kila mtu kuandika lake nimeupima, nikaona ni ushauri wa mtu aliyesoma. Huku mmoja ataandika bahari, wa pili atadai umeme, wa tatu atamsema mwenyekiti. Utakuwa ukuta wa mawe ya kuokota. Mimi nimejenga maisha kwa kalibu moja. Tofali la kwanza na la elfu moja ni mapacha, ndiyo maana wateja wanarudi. Basi nikakaa na fundi cherehani, tukatunga barua moja nzito, na yeye akaiandika kwa ule mwandiko wake wenye mikia, kila herufi kama imefungwa utepe. Tukatoa nakala. Nimepita mlango kwa mlango kwa siku tano. Sahihi na dole gumba, jumla barua mia tatu na kumi na nane, na hakuna inayopishana na mwenzake hata koma!

Asiyetia sahihi ni mmoja tu, naye namlisha mwenyewe. Mama anasema macho yanamuuma. Nikamwambia dole gumba halihitaji macho. Akasema na dole gumba linamuuma. Juzi nilimkuta kwa fundi cherehani, eti amepeleka gauni lipunguzwe. Kweli amekonda.

Barua nimezipeleka posta mwenyewe, ndani ya mfuko wa saruji wa karatasi. Nimeupangusa. Ukuta wa pili umefika kiunoni.

Kaka yako,
Zege


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Zimefika. Mfuko ulipasukia mezani, ofisi nzima ikapiga chafya.

Nakuomba, nami huwa sikuombi mengi. Rudi kwa watu. Waandike tena, kila mtu kivyake. Hamsini tu. Hata ishirini. Muda upo kidogo. Usiniulize kwa nini, na hii usiisome karakanani.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Sikuisoma karakanani. Nilikuonea haya.

Nirudi mlango kwa mlango nikamwambie mwuza mkaa kwamba dole gumba lake halikutosha? Yule mzee wa nyumba ya pembeni alitafuta kalamu nusu saa, akakataa ya kuazimwa. Nimwambie nini? Kwamba mdogo wangu wa mjini kapiga chafya?

Kama ofisi inaona vibaya kupokea barua za watu wa mikokoteni, iseme yenyewe kwa muhuri, isikutume wewe. Barua mia tatu na kumi na nane ni barua mia tatu na kumi na nane. Hesabu hiyo haihitaji ghorofa ya nne.

Ukuta wa pili nimeumaliza. Mama kila siku anauliza kama jibu limetoka. Nikisema bado, anahema kama mtu aliyebebeshwa ndoo nyingine.

Kaka yako


11 Juni

Wewe,

Taarifa imebandikwa, mlango uleule. Nakunakilia usije ukasema sikusoma vizuri:

"Maoni ya maandishi yaliyopokelewa: mawili. Linalopinga: moja (nakala 318). Linalounga mkono: moja."

Nilidhani mvua imefuta tarakimu. Nikasugua karatasi kwa kidole mpaka muuguzi akatoka kuniuliza naumwa nini.

Maoni mawili! Moja kwa moja, kama mpira uliotoka sare. Nilizunguka mitaa yote kwa siku tano, mtu mwingine akaketi mahali, akaandika karatasi moja, tukalingana.

Na huyo mtu ni wa hapahapa. Kampuni imeuchukua mstari wake ikaupiga picha na kuuweka kwenye bango mbele ya kituo cha mafuta, mkubwa kama mlango wa lori: "Mimi ni mkazi wa ufukweni. Chukueni mchanga." Herufi zina mikia. Kila moja imefungwa utepe.

Nilikwenda kwa fundi cherehani wateja wakiwa wamejaa. Nikamwuliza, "Ule mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Umewauzia kwa shilingi ngapi?"

"Sikuuza."

"Nani kakutuma?"

Akaendelea kukanyaga cherehani. Hakuinua hata uso. "Wewe ukileta suruali hapa, nimewahi kumwambia mtu kiuno chako?"

Wakacheka. Nikazichukua suruali zangu zote nikaondoka, moja ikiwa na mguu mmoja. Miaka ishirini tumekula sahani moja na yule mtu. Na Mama, nilipomweleza, badala ya kumlaani akasema nimrudishie suruali aimalize.

Ninyi mlihesabuje?

Zege


21 Juni

Kaka,

Shikamoo. Keti kwanza.

Barua zinazofanana ni oni moja. Ndivyo tunavyohesabu. Ziwe mbili au elfu mbili, kama maneno ni yaleyale, ni moja, na idadi inawekwa kwenye mabano. Imeandikwa kwenye mwongozo ulioko kwenye droo yangu. Haujawahi kubandikwa mlango wa zahanati wala mlango wowote.

Ndiyo, droo yangu. Mfuko ulipasukia kwenye meza yangu. Kazi yangu ni kusoma maoni na kuyaweka kwenye mafungu. Sikumwambia mkuu wangu kwamba nyumba ya kwanza kwenye ile ramani ni ya mama yangu. Ningesema, faili lingepewa mwingine, na mimi nilidhani nikiwepo hapo nitasaidia. Sasa nimekaa nikijiuliza kusaidia kwa vipi hasa.

Nilizisoma zote, kaka. Karatasi moja baada ya nyingine, nikitafuta hata moja iliyoongezwa neno. Mwuza mkaa alichora kitu pembeni, nadhani ni choo. Nikakimbilia kwa mkuu: hii ni tofauti. Akaigeuza juu chini, akasema mchoro si oni.

Ningekuambia wazi tangu Februari. Niliogopa ungeisema mbele za watu na ningefukuzwa. Kwa hiyo nikakuandikia nusunusu, ukanijibu kwa kalibu.

Fundi cherehani mwache. Hakuwauzia kitu, na maneno yale si yake. Mwenye maneno simtaji. Nakuomba uhame.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sikuichana.

Leseni imetoka. Miaka kumi na tano, laki nne, vilevile kama walivyoomba. Hawakupunguza hata toroli.

Siku iliyotangazwa Mama aliamka akaanza kufunga vyombo. Akaniambia, "Sasa wamekubali. Unangoja nini?" Nikamwambia nangoja rufaa. Kuna rufaa, imeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo, mtu ana siku sitini. Mama akakaa palepale mlangoni, sufuria mapajani, kama aliyekatwa miguu. Asubuhi yake akaita mkokoteni, akapakia godoro, akahamia kwa fundi cherehani. Kwa nani? Kwa fundi cherehani! Mama yangu mzazi analala chini ya paa la aliyetuuza, na mke wa yule mtu anapita hapa kuchukua nguo zake, ananiamkia kwa adabu kama nimefiwa.

Mimi sihami. Ukuta wa kwanza umelala, wa pili una ufa ninaoweza kupitisha mkono. Nimeanza wa tatu, huu ni wa nondo. Mchanga nimepata. Usiniulize wapi.

Rufaa naiandika. Safari hii maneno nitabadilisha kila karatasi, hata kama itanibidi kuandika zote mimi.

Nitajie aliyesema chukueni mchanga. Nikimjua nitalala.

Kaka yako


15 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Hii nimeinakili saa ya chakula, mlango umefungwa. Ikijulikana, sina kazi. Si kitu tena.

"Kwa wakubwa wa leseni. Mimi ni mkazi wa ufukweni. Chukueni mchanga. Naandikiwa na jirani kwa sababu sijui kuandika, na nimemwapisha asiseme. Nina mwanangu mfyatua matofali. Kila mkiitisha mkutano anapata tumaini, na akipata tumaini anajenga ukuta. Ukuta wa kwanza ulimwondoa mkewe. Wa pili unamwondoa nyama mwilini. Anafyatua matofali ya watu mchana, jioni anajifyatua mwenyewe. Hatahama maadamu ninyi bado mnafikiri. Mimi nikimwambia tuhame anasema tungoje jibu. Basi toeni jibu. Bahari sina ugomvi nayo, imekuja taratibu na imetuachia muda. Semeni ndiyo haraka, ahame akiwa na mgongo. Msimwambie kwamba ni mimi. Mkazi wa nyumba ya kwanza kutoka majini."

Nilijua kwenye mstari wa tano. Kwenye meza yangu kuna mafungu mawili tu, la kupinga na la kuunga mkono. Nilishika ile karatasi mpaka watu wakarudi kutoka kunywa chai. Kisha nikaiweka mahali inapowekwa karatasi inayosema chukueni.

Rufaa hazishindi, kaka. Tangu niajiriwe sijaona hata moja. Zipo ili ziwepo. Hakuna anayefikiri tena. Mpelekee Mama hilo, ndilo jibu aliloliomba.

Mdogo wako


6 Oktoba

Kwa Ofisi ya Leseni, dawati la maoni.

Nimeambiwa kila mtu aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Haya ni yangu. Najua muda umepita.

Mimi ni mfyatua matofali. Nyumba ya mama yangu ilianguka mwezi uliopita, mchana, jua likiwaka, bila dhoruba. Nilikuwa nyuma namwagilia matofali. Ulianza ukuta wa tatu, ukajilaza juu ya wa pili kama mtu aliyechoka, na nyuma yao ukafuata upande wa sebule. Mashine ya kufyatulia ilikuwa kwenye ule upande. Tungehama Februari ingetoka kwa mkokoteni mmoja.

Rufaa sikuipeleka. Niliandika karatasi thelathini, kila moja kivyake, na nilipofika ya thelathini na moja nikakuta sina jipya la kusema. Ilikuwa nyumba, inaondoka. Ukishasema hivyo umemaliza. Hata hivyo sikuhama. Nilikuwa nimeshasoma barua ya Mkazi, ninyi mnayo, na bado asubuhi nikachanganya zege, kwa sababu nilikuwa nimeshalipia nondo. Ndivyo nilivyo. Mkazi alikosea jambo moja tu: alidhani mkisema ndiyo nitasikia.

Sasa nalala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mwenye meza hajanisemesha habari za bango na mimi sijaanza. Ila ile suruali nimeikuta imetundikwa, ina miguu miwili. Mkazi aliniuliza kama mashine imepona. Nikasema haikupona. Akasema, "Basi sasa utalala," akageukia ukutani. Silali.

Oni langu ni hili. Mchanga wa ukuta wa tatu niliununua kwa kampuni mliyoipa leseni. Kwingine hakuna, wa mto umekwisha sokoni tangu bei yao ishuke. Malori kumi na moja. Sina la kuusema vibaya, ulikuwa msafi, umeoshwa, haukuwa na udongo. Ukuta ulisimama wiki tatu, kisha mchanga wote ukarudi baharini. Kama mtaalamu wenu amekosea, na kule na huku kunaungana, basi unaelekea kwenye eneo la leseni na meli itauchota tena. Kama yuko sahihi, umelala palepale mbele ya mlango usiokuwepo. Kwa vyovyote ni meta sabini na saba. Mkizikuta, msizihesabu mara mbili. Nilishazilipia.

Anayefungua bahasha hii namfahamu. Asihangaike kutafuta fungu la kuiweka.

Mkazi wa zamani wa nyumba ya kwanza kutoka majini